Feki Ikufikie, Isipite



Kule Marekani kuna watu wanaokusanya kadi zenye picha za wanamichezo, pamoja na mipira na jezi zilizotiwa saini. Kadi moja inaweza kuuzwa kwa pesa ya kununua shamba. Na penye pesa, mwongo hakosi.

Miaka ya 1990, wapelelezi wa FBI walichunguza genge la kughushi saini huko California. Tony Gwynn, mchezaji wa besiboli wa San Diego, alikuwa ametilia shaka saini zake kwenye vitu vilivyouzwa katika duka la timu yake mwenyewe! Miongoni mwa vitu vilivyonaswa kulikuwa na mipira ya besiboli yenye saini ya Mama Teresa. Jiulize, mpendwa: yule mtawa wa Calcutta, aliyeshinda na maskini na wagonjwa, alikuwa akitia saini mipira saa ngapi?

Tena kuna kadi ya Honus Wagner, iliyotoka kwenye pakiti za sigara zaidi ya miaka 100 iliyopita. Mwaka 2007 iliuzwa kwa dola milioni 2.8. Mwaka 2013, Bill Mastro, mfanyabiashara wa minada, alikiri mahakamani kwamba alikuwa amezikata kingo zake ili ionekane safi zaidi. Miaka mingi kadi ilipita mkono kwa mkono, naye anajua.

Mwenye kughushi tunamlaani haraka. Lakini leo nataka tumtazame mtu wa pili: yule aliyenunua kwa moyo safi, akagundua ni bandia, akanyamaza, akamuuzia mwingine ili arudishe pesa zake. Huyo aliamka akiwa ameibiwa, akalala akiwa mwizi.

Usiwacheke Wamarekani. Ile noti feki ya elfu moja uliyopewa sokoni, uliipeleka wapi? Au ulingoja giza liingie ukampa mama mboga, ambaye hiyo elfu ndiyo stoki yake ya kesho? Halafu ukafika nyumbani ukasema Mungu amekutetea!

Utaniambia, "Pasta, na mimi niliibiwa." Ni kweli, na inauma. Elfu moja ni chakula cha watoto. Lakini ukiihamisha hasara hujaimaliza. Umeitafutia tu mtu mnyonge kuliko wewe. Anayetengeneza feki ni mmoja. Wanaoitembeza ni sisi, watu wazuri, watu wa kanisa.

Mithali 11 inaanza kwa kuonya juu ya mizani ya udanganyifu. Haiulizi ni nani aliyeichonga. Inamtazama anayepima nayo.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu: feki ikikufikia, ifie mikononi mwako. Noti ipeleke benki au polisi, hata kama hutarudishiwa kitu. Jezi ukiiuza, sema wazi kwamba si orijino, na ukubali bei yake. Utapoteza pesa, lakini jina lako litabaki.

Na kama ulishaipitisha, unamjua uliyempa. Mama mboga bado yuko pale pale. Leo jioni, mpitie.

Mungu akubariki. Kama umepokea, andika AMINA, lakini kwanza mpitie.