PhD ya biashara: Mama mboga bado anangoja majibu

Ukipanda matatu kutoka jijini kuja huku kwetu Membley, jaribu kuhesabu vyuo vikuu. KCA pale Ruaraka. USIU upande wa Kasarani. Kenyatta pale Kahawa. Ukipitiliza steji yetu unakutana na Zetech, halafu JKUAT pale Juja, na ukifika Thika mjini kuna Mount Kenya. Barabara ni moja, na vyote hivyo vinafundisha biashara.

Mimi ni mmoja wa wale walioshuka kabla ya gari kufika. Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliposhindikana. Lakini PhD za biashara nazijua vizuri, kwa sababu nimewahi kuandikia mtu.

Usinihukumu bado. Vijana wengi kutoka Roysambu hadi Juja wamewahi kulipa kodi kwa kuandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza kazi zao za darasani. Si siri. Gazeti la New York Times lilianika biashara hiyo mwaka wa 2019, na mwaka wa 2024 ikatoka filamu, The Shadow Scholars, inayomfuata Profesa Patricia Kingori wa Oxford akiwatafuta waandishi hao hapa Kenya. Mimi nilikuwa huko pia, bedsita moja, laptopu moja, intaneti ya kuungaunga.

Mteja wangu mmoja hakuwa mzungu. Alikuwa Mkenya mwenye kazi nzuri, suti kila siku, akisomea PhD ya usimamizi wa biashara. Alitaka nimwandikie sura ya pili, ile ya kupitia kazi za wasomi waliotangulia. Niliiandika kwa siku nne. Nadharia ya uwakala, Jensen na Meckling, 1976. Nadharia ya rasilimali za kampuni, Barney, 1991. Wazee hawa nawajua kuliko binamu zangu wa ushago. Alinilipa, akasema kazi ni safi, na sikumsikia tena. ChatGPT ilipokuja mwishoni mwa 2022, wateja wa aina yake waliacha kupiga simu.

Nimefikiria sana kuhusu siku zile nne. Swali linalonisumbua ni hili: kama mimi, niliyeacha chuo mwaka wa pili, ningeweza kuandika sehemu ya PhD bila kujua biashara yenyewe inahusu nini, ile shahada ilikuwa inapima nini?

Cheti kiligeuka tiketi

Kwanza tuelewane. MBA na PhD si kitu kimoja chenye bei tofauti. MBA inakufundisha kuendesha biashara kwa maarifa yaliyopo. Shahada ya uzamifu ni ya utafiti. Unatakiwa uje na jambo ambalo halikujulikana kabla yako, ulithibitishe, ulitetee mbele ya watu wanaojua kukushinda.

Sasa angalia kilichotokea hapa nyumbani. Mwaka wa 2014, Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, ile tunaiita CUE, ilitoa kanuni kwamba mhadhiri wa chuo kikuu lazima awe na PhD. Waliokuwa kazini na shahada ya uzamili pekee wakapewa miaka mitano. Nia haikuwa mbaya, maana nani anataka kufundishwa na mtu aliyemshinda hatua moja tu? Lakini ukimwambia mtu mwenye watoto na mkopo wa Sacco kwamba bila karatasi fulani ajira yake iko hatarini, usishangae akiitafuta karatasi badala ya elimu. Mwaka wa 2019 ulifika na wahadhiri wengi bado hawakuwa nayo.

Mwaka huohuo, mwezi Juni, JKUAT ilitoa shahada 118 za uzamifu katika mahafali moja. Nchi ilishtuka. Wengi wa madaktari hao wapya walitoka upande wa biashara na usimamizi wa wafanyakazi, ilhali JKUAT ni chuo tulichokizoea kwa kilimo, uhandisi na teknolojia. Waziri wa Elimu wakati huo, marehemu Profesa George Magoha, alitaka maelezo na CUE ikaingia kuchunguza. Chuo kilijitetea.

Sitaki kumchafulia jina mtu aliyesota miaka sita akapata haki yake. Kati ya wale 118 walikuwepo waliofanya kazi ya kweli. Kilichonigusa ni swali lenyewe: nani aliwasimamia wote hao? Miongozo ya tume inasema msimamizi mmoja asizidishe wanafunzi watatu wa uzamifu na watano wa uzamili kwa wakati mmoja. Kule biashara, wanafunzi wamejaa na maprofesa ni wachache. Piga hesabu mwenyewe.

Chipo na hojaji

Kwa nini biashara hasa? Kwa sababu utafiti wa biashara unaweza kufanywa kwa bei rahisi. Wa fizikia anahitaji maabara. Wa kahawa anahitaji shamba na miaka. Wa biashara anahitaji hojaji, printa na mtu wa kumchapia hesabu kwenye kompyuta.

Ndiyo maana mada zinafanana kama ploti za Ruiru. Athari ya kitu fulani kwa ufanisi wa kampuni fulani. Leo ni uongozi kwa ufanisi wa benki, kesho ni mikakati kwa ufanisi wa Sacco za Kaunti ya Kiambu. Unamgawia meneja hojaji yenye namba moja hadi tano. Je, shirika lenu lina uongozi bora? Anaweka nne. Je, shirika lenu linafanya vizuri? Anaweka nne tena. Kompyuta inapiga hesabu, na tasnifu inatangaza kwamba uongozi bora unaongeza ufanisi.

Mse, hiyo ni kama kumuuliza mwenye kibanda cha chipo kama chipo zake ni tamu, halafu kumuuliza kama biashara inaenda poa, halafu kutangaza kwamba utamu wa chipo huleta faida. Mtu mmoja amejibu maswali yote mawili na hakuna aliyefungua daftari la mauzo. Kilichopimwa hapo ni maoni ya mtu kujihusu mwenyewe.

Na haimaanishi utafiti wa biashara hauwezi kuwa moto. Chukua M-Pesa. Ilizinduliwa 2007, na kila mtu alikuwa na maoni. Wanauchumi wawili, Tavneet Suri na William Jack, waliamua kufuata familia za Kenya kwa miaka kadhaa, wakilinganisha waliokuwa karibu na maajenti na waliokuwa mbali nao. Mwaka wa 2016 wakachapisha majibu katika jarida la Science: M-Pesa ilikuwa imeziondoa takriban familia 194,000 kwenye umaskini, asilimia mbili hivi ya familia zote nchini, na nyumba zinazoongozwa na wanawake ndizo zilizonufaika zaidi. Swali la mtaani kabisa, lakini walirudi kwa watu walewale mara kwa mara hadi jibu likaonekana.

Siku ya mvua pale Kamakis

Mwaka jana jirani yangu wa ploti, mama mmoja anayefundisha kwa kibarua katika chuo fulani, alinigongea mlango. Sote humu tunamwita Madam. Yuko mwaka wa saba wa PhD yake. Msimamizi wake wa kwanza alihamia chuo kingine, wa pili husoma sura moja kwa miezi minne. Vipindi alivyofundisha muhula uliopita havijalipwa.

"Kijana, nasikia hauna kazi wiki hii," akaniambia. "Nisaidie kugawa hojaji kwa wafanyabiashara wadogo. Nitakupa kitu kidogo."

Nikasema, "Sawa, Madam."

Zilikuwa 200. Nilianzia Membley, nikaenda Ruiru mjini, nikamalizia Kamakis kule kwa nyama choma. Vinyozi walijibu vizuri. Watu wa boda waliniuliza kama natoka kaunti kuja kuongeza ushuru. Halafu nikamfikia mama mboga mmoja karibu na baipasi. Aliangalia karatasi bila kuishika.

"Nyinyi ni wale wa chuo?"

"Ndiyo, mama. Ni utafiti."

"Wa mwaka juzi pia walikuja. Walikaa hapa nusu saa, wakaniuliza mpaka deni langu. Waliandika nini?"

Sikuwa na jibu. Akaendelea kupanga nyanya zake. "Basi ukimaliza hii yako, uniletee nisomewe. Mimi ndiye nilijibu, si ndiyo?"

Alinijazia. Nilimsomea maswali, akajibu huku akiuza sukuma.

Mvua ikaanza saa kumi. Nilikuwa na hojaji kama sitini hazijajazwa. Nikarudi kwa keja, nikachemsha chai, nikaangalia zile karatasi. Unajua ninachofikiria. Kalamu mbili za rangi tofauti, saa mbili za kazi, na hakuna binadamu atakayejua. Wanaita kupika data. Nilijaza nne. Ya tano nikafika swali la deni, nikakumbuka ule uso, nikashindwa. Zile nne nikazichana.

Jioni nikamwambia Madam ukweli wote, hadi zile nne. Alinyamaza muda, nikadhani atanifukuza.

"Ziko ngapi za ukweli?"

"Mia moja na arobaini, Madam."

"Hizo ndizo nitapeleka. Akiuliza kwa nini ni chache, nitamweleza mvua."

Bado hajahitimu.

Kabla hujalipa ile fomu

Najua wako wasomaji wangu wenye digrii ya biashara wanaofikiria kuendelea hadi juu. Sina cheti cha kuwashauri. Nina macho tu, na haya ndiyo ninayoyaona kutoka ng'ambo hii ya ua.

Jiulize swali lako ni lipi, kabla ya kuuliza karo ni ngapi. Kama huwezi kulieleza kwa kinyozi wako akaelewa, halijaiva. Kama jibu lake unalijua kabla ya kuanza, si utafiti.

Mtafute msimamizi kabla ya chuo. Muulize ana wanafunzi wangapi wa uzamifu sasa hivi, na wangapi wamemaliza mikononi mwake. Akikasirika kwa kuulizwa, umeshapata jibu.

Hesabu gharama zote. Karo ni mwanzo tu. Kuna kibali cha utafiti cha NACOSTI, kuna safari za kukusanya data, na kuna makala mawili unayotakiwa kuchapisha katika majarida kabla ya kuhitimu. Jarida likikuahidi kuchapisha ndani ya wiki moja ukilipa, hilo ni duka tu.

Na kama unataka PhD ili uwe mhadhiri, angalia kazi yenyewe ikoje leo. Mwaka wa 2025 wahadhiri wa vyuo vya umma waligoma siku 49 wakidai Sh7.9 bilioni za makubaliano ya mishahara ya 2017 hadi 2021. Wale wa kibarua kama Madam hata mgomo hawana pa kugomea. Ukiingia, ingia ukijua.

Mbegu ya hapa kwetu

Huku Ruiru palikuwa mashamba ya kahawa kabla ya ploti kuchipuka. Mwaka wa 1968 ugonjwa wa chulebuni, ule unaoozesha matunda ya kahawa mtini, uliwapiga wakulima vibaya sana. Watafiti wa kituo cha kahawa kilicho hapahapa Ruiru wakaanza kuchanganya mbegu miaka ya mwanzo ya 1970. Waliendelea kwa zaidi ya mwongo mmoja. Mwaka wa 1985 wakatoa aina mpya inayostahimili ugonjwa huo na kutu ya majani. Inaitwa Ruiru 11. Jina la mtaa wetu liko kwenye mbegu hiyo, na mkulima aliyeteseka alirudishiwa mche mkononi.

Hiyo ndiyo tofauti ninayoizungumzia. Tangu 2019 tumebishana kuhusu idadi, kama madaktari wa biashara ni wengi au ni wachache. Mimi nadhani nchi hii ina maswali ya biashara ya kutosheleza 118 wengine. Kwa nini vibanda vya Kamakis hufunguka na kufungwa ndani ya mwaka? Mkopo wa simu humsaidia mama mboga au humla? Nani hasa hupata faida ploti inapojengwa pale palipokuwa na kahawa? Maswali hayo hayajibiwi kwa namba moja hadi tano. Yanataka mtu wa kurudi.

Wiki jana nilipita pale baipasi kununua nyanya. Mama akanitambua.

"Wewe wa karatasi. Majibu yangu?"

Nikamwambia Madam bado anaandika.

"Sawa," akasema, akaniongeza nyanya moja. "Mwambie niko."