Mwana wa shofere aliyeimba kwa luga ya kwao

Tuanze na ukweli: nyimbo mingi za Bad Bunny hauwezi kuzipiga mbele ya mama mkwe. Ni trap, muziki iliyozaliwa Atlanta, kule Marekani, na jina lenyewe linatoka kwenye nyumba ambamo walikuwa wanauzisha madawa ya kulevya. Vijana wa kisiwa cha Puerto Rico waliichukua, wakaiimba kwa Kispanyola, wakaongeza matusi yao wenyewe juu yake. Mzazi anayemwambia mtoto azime ile kitu saa ya kula, sisi tuko upande wake.

Lakini mzazi huyo akisema kwamba mwimbaji huyu ni kelele tu, kwamba hana kitu cha kuwaambia watu wa migodi, hapo tunakataa.

Jina lake la kweli ni Benito Antonio Martínez Ocasio. Alizaliwa tarehe 10 mwezi wa tatu 1994, akakomalia Vega Baja, mji mdogo usio na jina kubwa. Baba yake alikuwa shofere wa kamyo, mama yake mwalimu, na watoto wanaume watatu mu nyumba. Mama zetu ambao bwana zao wanalala siku na siku kwenye foleni ya Kasumbalesa wanajua nyumba ya shofere inafanana namna gani mwisho wa mwezi. Alipokuwa mtoto aliimba kwenye kwaya ya kanisa. Jina la «Sungura Mbaya» lilitokana na picha ya shule: walimvalisha nguo za sungura, naye akakunja uso mbele ya mpiga picha. Wazee wanaojua hadithi za Kalulu hawatashangaa kusikia kwamba sungura huyo alikuja kuwacheza wakubwa.

Alikuwa anasoma kwenye chuo kikuu cha Arecibo, na pembeni ya masomo alikuwa anapakia vitu vya wateja mu mifuko, kwenye supermarket moja ya Vega Baja. Nyimbo zake alikuwa anaziweka mwenyewe kwenye intaneti, bila patron, bila mtu wa kumshika mkono. Mu 2016 wimbo moja, Diles, ulifika masikioni mwa DJ Luian, mtayarishaji wa muziki wa kule kwao, naye akamwita. Kutoka hapo mambo yalikwenda mbio. Mu 2018 wimbo aliouimba na Cardi B na J Balvin ulipanda namba moja Marekani. Mwisho wa 2020 albamu yake El Último Tour del Mundo ilikuwa ya kwanza ya Kispanyola kitupu kushika namba moja kwenye orodha ya Billboard 200. Mu 2020, 2021 na 2022, miaka mitatu ya kufuatana, yeye njo msanii aliyesikilizwa kuliko wote duniani kwenye Spotify. (Na tukumbushane: wote hao walimsikiliza kwenye telefone, betri ya telefone inataka kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inachimbwa huku kwetu. Tuko ndani ya biashara hiyo tangu mwanzo, hata kama jina letu haliandikwi kwenye albamu.)

Sasa tuangalie luga. Bad Bunny hakuimba kwa Kiingereza ili Marekani imsikie. Tena hakuimba hata kwa Kispanyola cha vitabu. Aliimba kile cha nyumbani kwao, ambamo watu wanameza «s» na kugeuza «r» kuwa «l», kile ambacho watu wa Madrid wanakicheka. Sisi tunaosema «njo» na «paka» tunaijua hiyo kicheko. Tumeisikia kwa watu wa pwani, tumeisikia pia kwa ndugu zetu waliosoma, wale wanaogeuza Kifaransa mara tu mgeni akiingia mu ofisi. Vijana wetu wanaorap wanaambiwa kila siku: imba Kifaransa, imba Lingala, Kiswahili cha Katanga hakitavuka Lufira.

Kumbe kilikwisha kuvuka zamani. Jean Bosco Mwenda, mtu wa Bunkeya, alirekodiwa na Hugh Tracey pale Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, mu 1952. Wimbo wake Masanga, na gitaa lake la vidole viwili vitatu, ulizunguka Afrika na kufika Ulaya. Wapiga gitaa wa nchi za mbali wanaendelea kuujifunza mpaka leo. Aliuimba kwa Kiswahili. Vijana wangapi wa Likasi wanajua jina lake? Tunaogopa kuhesabu.

Turudi Puerto Rico, maana luga peke yake haitoshi kutufanya tumwandike mtu mu gazeti. Kisiwa kile kiko mikononi mwa Marekani tangu 1898. Wakaaji ni raia wa Marekani tangu 1917, lakini mwenye kukaa kule hachague prezidenti. Mu mwezi wa tisa 2017 tufani Maria ilipita na kuvunja kila kitu. Sehemu fulani zilikaa karibu mwaka mzima bila kuran. Serikali ya kisiwa ilishikilia kwamba waliokufa ni 64. Mwaka mmoja nyuma, baada ya uchunguzi wa chuo kikuu, ikakubali hesabu ya 2 975. Watu wa migodi hatuna haja ya kufafanuliwa: shimo likianguka, namba ya kwanza inayotangazwa siyo ile ambayo familia zinahesabu kwenye matanga.

Halafu mu mwezi wa saba 2019 mazungumzo ya siri ya gavana Ricardo Rosselló na marafiki zake yalitoka inje, kurasa 889. Walikuwa wanacheka wanawake, wanacheka wapinzani, mpaka maiti za Maria zilifanyiwa mzaha. Watu walijaa barabarani. Bad Bunny alikuwa Ulaya kwenye konseri zake, akazikata, akarudi kutembea pamoja nao. Yeye na Residente na iLe walitoa wimbo juu ya kunoa visu, mu siku zile zile za maandamano. Tarehe 24 gavana akatangaza kwamba anaacha kazi. Si wimbo uliomwangusha, ni watu. Lakini mwimbaji alikuwa kati yao, na hakuwa amelipwa.

Mu 2022 akarudia tena, safari hii juu ya kuran. Wimbo El Apagón unasemea giza, na video yake siyo madansi tu: sehemu kubwa ni uchunguzi wa mwandishi wa habari Bianca Graulau, unaoonyesha wakaaji wanaofukuzwa mu nyumba kwa sababu matajiri wa inje wanazinunua. Kuna sheria inayowaondolea hao wageni kodi kwenye faida za mitaji yao, na mwana wa nchi aliyebaki kule hapati ondoleo hilo. Video ilitoka tarehe 16 mwezi wa tisa. Siku mbili tu nyuma, tufani Fiona ilifika na kisiwa kizima kikaingia mu giza.

Kuna wanaosema: tajiri kulia juu ya wamaskini ni rahisi. Maneno hayo yana uzito, na tungekubaliana nao kama asingefanya ile ya 2025. Baada ya albamu yake ya mwezi wa kwanza, ambamo ngoma za zamani za kwao, plena na bomba, zimeketi pembeni ya trap, alikuwa na uwezo wa kuzunguka Marekani yote na kuvuna dola. Alibaki San Juan. Konseri 30 mu ukumbi moja, kuanzia mwezi wa saba mpaka mwezi wa tisa, na zile 9 za kwanza zilikuwa za wakaaji wa kisiwa peke yao. Wageni walingoja. Waliotaka kumwona walipanda ndege, wakalipa hoteli ya kule, wakakula chakula cha kule. Juu ya bara la Marekani alisema wazi kwamba hakutaka maafisa wa uhamiaji waje kukamata watu kwenye mlango wa konseri. Akaongeza konseri ya 31 tarehe 20 mwezi wa tisa, ile siku Maria ilipiga kisiwa, na hiyo tena kwa wenyeji. Mu mwezi wa pili 2026 albamu ile ile ilipata Grammy ya albamu ya mwaka, ya kwanza ya Kispanyola.

Zile konseri 9 njo zinatusumbua roho. Huku kwetu mwimbaji mkubwa akija, tiketi ya mbele inauzwa kwa dola, na waliokaa pale ni wanegosia na wakubwa. Yeye anawatupia mabanga, jina moja moja, na kila jina lina bei yake. Libanga, kwa Lingala, ni jiwe. Wale wanaovunja mawe ya kweli wako inje ya ukuta, wanasikiliza basi tu.

Kwa hiyo tunauliza waandaaji wa konseri za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi kitu kimoja, na hakina gharama kubwa. Mwimbaji akija kwa siku mbili, siku ya kwanza iwe ya wafanyakazi na wachimbaji na watoto wao, kwa bei ya franga, viti vya mbele vikiwa ndani, na bila libanga hata moja. Siku ya pili wauzie wanaotaka.