Sauti ya Injinia Si Kibali

Wapo wanaoshikilia kwamba viwanda vya majani chai vya Sotik, Kenya, haviwezi kuhujumiwa kwa sauti ya kughushi. Eti nani ahangaike na boila ya huku kwetu? Mhalifu hachagui jina kubwa, hutafuta mlango ulio wazi. Mwaka 2014 idara ya Ujerumani ya usalama wa mitandao ilieleza jinsi wavamizi walivyopenya kiwanda cha chuma kwa barua pepe za kughushi, hadi tanuri likashindwa kuzimwa ipasavyo na hasara ikawa kubwa.

Husemwa pia kwamba kompyuta ya boila haiko kwenye intaneti. Mlaghai wa sauti haihitaji intaneti yako. Anamhitaji mtu wa zamu mwenye simu.

Dai linalonisumbua zaidi ni hili: "Sauti ya injinia wetu naijua." Unaijua, na ndiyo maana itakuponza. Programu za akili unde huiga sauti ya mtu kwa kusikia sekunde chache tu za rekodi. Mapema mwaka 2024 habari zilienea za mfanyakazi wa Hong Kong, wa kampuni ya Arup, aliyetuma takriban dola milioni 25 baada ya mkutano wa video na wakubwa wa kughushi. Sasa mfikirie mtu wa boila saa nane usiku. Majani yamekwisha kunyaushwa, kikaushio kinangoja mvuke, simu inalia: "King'ora cha maji kina hitilafu. Kizime, endelea kutia kuni." Akitii ilhali maji yamepungua kweli, mabomba yataungua na boila yaweza kulipuka. Akikataa, anahofia kufutwa kazi.

Kwamba programu hizo hazijui Kikipsigis, lugha ya huku kwetu, si kinga. Injinia akipiga kutoka Nairobi, huzungumza Kiswahili au Kiingereza.

Basi tununue programu ya kunasa sauti bandia? Tuanze na yasiyo na gharama. Kata simu, umpigie injinia mwenyewe kwa namba iliyobandikwa ukutani. Kuzima kinga yoyote kuhitaji watu wawili na saini kwenye kitabu cha zamu. Valvu ya usalama ibaki ya chuma na springi, ifunguke bila kuisubiri kompyuta. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu uhalifu wa mitandao humwadhibu anayejifanya mtu mwingine, ila huja baada ya ajali. Na meneja amwandikie mtu wa zamu barua: ukikataa agizo la simu lisilothibitishwa, hata likiwa langu kweli na chai ya usiku mzima ikaharibika, hutaadhibiwa.