Fundi wa nyumbani, giza linawinda vidole vyako

Ukitembea kutoka Majengo, Pumwani, kuelekea Gikomba, utasikia mashine kabla hujaziona: misumeno ya stima ikipasua mbao, mashine za kunoa zikitoa cheche, na hapa na pale kerezo linalozungusha chuma. Nyingi ziko vibandani. Lakini si haba zilizo nyumbani, katika chumba cha nyuma au chini ya mabati uani, na hizo ndizo zinazonitia wasiwasi.

Fundi hudunduiza pesa kwa muda mrefu anunue mashine ya mitumba, kisha huiweka chini ya balbu moja inayoning'inia katikati ya dari. Akiinama kazini, kichwa chake mwenyewe huziba mwanga, na kivuli huangukia pale pale penye makali. Mwingine huvaa miwani ya jua ndani ya chumba hicho, ati anajikinga na cheche!

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka mahali pa kazi pawe na mwanga wa kutosha. Hata hivyo, sidhani unahitaji kungoja mkaguzi abishe mlango wako. Kwa maoni yangu, taa ni kinga kama miwani ya kazi, na kwa mtu wa drili ni bora kuliko glavu, kwani glavu ikinaswa na drili huuvuta mkono wote.

Ikiwa umepita miaka 40, jambo hili lakuhusu zaidi. Lenzi ya jicho hukakamaa na mboni hupungua upana. Mtu wa miaka 60 hupata ndani ya jicho takriban theluthi moja tu ya mwanga anaoupata kijana wa miaka 20. Mzee anayemwambia mwanagenzi wake kwamba chumba "kinaonekana sawa" wala hadanganyi, amezoea tu.

Usikimbilie taa yoyote, lakini. Zile taa ndefu za mrija za zamani, zenye choki nzito, hufifia na kung'aa mara 100 kila sekunde, kwa kuwa stima yetu ina mizunguko 50 kwa sekunde. Jicho halitambui. Sasa chukua kerezo linalozunguka mara 1,500 kwa dakika, yaani mara 25 kwa sekunde. Kati ya mng'ao mmoja na mwingine, kichwa chake hugeuka robo mzunguko kamili. Kikiwa na meno manne ya kukamatia chuma, kila jino hukaa mahali pa mwenzake, na wewe utaona chuma kimesimama tuli. Utanyoosha mkono.

Baadhi ya balbu za LED za bei rahisi zina kasoro hiyo hiyo. Zijaribu hivi: pitisha ufito mweupe haraka chini ya taa. Ukiona fito nyingi zilizotengana badala ya ukungu mmoja, hiyo taa iweke sebuleni.

Dawa yake ni rahisi. Nunua taa ndogo ya LED ya gari, ya volti 12, uitumie na betri ya pikipiki. Umeme wa betri hautetemi, na volti hizo si za kukurusha. Kata mkebe wa mafuta ya kupikia uwe kofia ya taa, mwanga usikuchome macho. Ifunge kwenye mkono wa chuma unaopindika, kando ya kazi badala ya nyuma yako. Taa ndogo ikisogezwa kutoka mita mbili hadi nusu mita, mwanga wake juu ya kazi huongezeka kama mara 16, bila kuongeza hata senti ya stima. Waya usipite karibu na mkanda, fyuzi iwe jirani na betri, na betri yenyewe ikae mbali na cheche, kwa sababu inapochajiwa hutoa gesi inayowaka.

Betri ina faida nyingine ambayo mkaaji yeyote wa Eastlands ataielewa. Stima ikipotea usiku, balbu ya darini huzimika papo hapo, ilhali diski ya msumeno ingali inazunguka. Taa ya betri itabaki ikiwaka mpaka diski isimame.