Redio inapohamia kwenye simu, nani ataachwa nje?



Katika machimbo ya Nyarugusu na Rwamgasa, mkoani Geita, redio ndogo ya betri ni mwenzi wa mchimbaji. Hutundikwa kwenye nguzo ya kibanda jirani na duara, ikashindana na mngurumo wa karasha, na wote waliopo husikia jambo moja kwa wakati mmoja: taarifa ya habari, mawaidha, tangazo la msiba. Anayenunua betri ni mmoja, wanaonufaika ni kumi. Huko nyumbani, Kahama au Shinyanga mjini, mkewe naye hufungua redio yake jikoni, akasonga ugali huku akisikiliza, bila kutoa senti kwa kila dakika.

Sauti hiyo sasa inahama. Redio nyingi zinapatikana kwa njia ya intaneti, na darsa za masheikh zimejaa kwenye YouTube na WhatsApp. Kwingineko duniani wamekwenda mbali zaidi. Norway ilizima matangazo ya kitaifa ya FM mwaka 2017 na kuhamia redio ya dijitali. Shirika la utangazaji la umma la Uswisi likafanya hivyo mwishoni mwa mwaka 2024. Kwetu Tanzania FM ingali hai, lakini mwenye busara huezeka paa kabla ya masika.

Tofauti ya mifumo hii si ngumu kuielewa. Katika FM, kila kituo hushika masafa yake, na ukienda mbali na mnara sauti hukwaruza na kufifia polepole. Katika redio ya dijitali, vituo kadhaa hupanda gari moja, yaani hugawana masafa yaleyale, na sauti husikika safi bila mikwaruzo. Ila mawimbi yakidhoofika haikwaruzi kwanza, hukatika ghafla. Na zaidi ya yote, redio ya zamani haiwezi kuyapokea matangazo hayo. Anayesikiliza kwa intaneti naye huhitaji simu janja, chaji na bando. Kitochi cha bei ndogo hushika FM kwa kuchomeka tu waya wa masikioni, ilhali simu nyingi za kisasa hazina redio hiyo kabisa.

Tumekwishapita njia kama hii katika televisheni. Mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam Desemba 31, 2012, na Mwanza ikafuata mwanzoni mwa mwaka 2013. Picha ikawa safi na chaneli zikaongezeka, lakini asiye na king'amuzi alibaki akitazama kioo cheusi. Agosti 2018, TCRA ilipozuia baadhi ya ving'amuzi vya satelaiti kuonyesha chaneli za bure za nyumbani, kwa hoja kwamba leseni zao hazikuviruhusu, familia zilizokuwa zikitegemea ving'amuzi hivyo zilipoteza hata taarifa ya habari ya nchi yao. Hapo tulijifunza kwamba kitu kuitwa cha bure si sawa na kumfikia maskini.

Haki itendeke katika hoja: mfumo mpya una kheri nyingi. Muislamu aliye nje ya upeo wa mnara wa kituo cha Kiislamu cha Dar es Salaam au Morogoro sasa anaweza kukisikia akiwa Geita. Mama aliyeikosa darsa kwa sababu ya mtoto mgonjwa huisikiliza usiku. Kijana anayejifunza tajwidi huirudia aya moja mara ishirini pasipo kumchosha mwalimu. Hizi ni neema, na neema hushukuriwa kwa kuitumia vyema.

Hata hivyo, pana mambo mawili ya kuchunga. La kwanza ni uhakika wa sauti yenyewe. Redio ya Kiarabu ya BBC ilianza Januari 1938 na ikafungwa Januari 2023, kwa maelezo kwamba wasikilizaji wamehamia mitandaoni. Mwaka huohuo vita vikalipuka Sudan, kisha Gaza. Intaneti ilipokatikakatika na umeme kutoweka, shirika hilohilo lililazimika kuanzisha matangazo ya dharura ya redio kwa watu wa sehemu hizo. Nasi tulionja: kuanzia Oktoba 29, 2025, intaneti ilipozimwa nchini kwa siku kadhaa, mwenye kutegemea simu pekee alibaki kiziwi.

La pili ni umoja wa nyumba. Redio ya sebuleni ilisikika na baba, mama, bibi na watoto. Kauli tata ikijadiliwa palepale. Simu huweka kila mmoja na waya wake sikioni: baba na sheikh wake, kijana na wake, binti na mtu ambaye hakuna anayemjua elimu yake. Qur'ani Tukufu, katika Surat al-Hujurat aya ya 6, inatuamrisha kuchunguza habari tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Ni nani atakayechunguza habari ambayo kaisikia peke yake, gizani, chini ya shuka? Tazameni jioni ya tarehe 29 Shaaban. Zamani nyumba nzima ilikaa kimya kungojea tangazo la mwezi. Leo ujumbe usio na mwenyewe huzunguka kwenye simu, na kabla ya Isha kambi moja ya wachimbaji inaweza kuwa na wanaonuia kufunga na wasionuia, bila yeyote kujua habari imetoka wapi.

Tufanye nini? Kwanza, tusiitupe redio ya betri. Ibaki nyumbani kama taa ya akiba. Pili, tuifanye simu iwe ya jamaa: iunganishwe na spika baada ya Magharibi, darsa moja isikilizwe na wote, kisha yaulizwe maswali. Tatu, misikiti ya miji ya Geita, Kahama na Shinyanga ipakue darsa za masheikh wanaojulikana na kuziweka kwenye kadi za memori, ili anayerudi machimboni azichukue. Humo kadi hucheza pasipo bando. Nne, siku mamlaka zitakapojadili kuzima FM, viongozi wetu wasikae kimya. Hata Norway iliviacha vituo vingi vidogo vya mitaa viendelee na FM. Ikiwa nchi tajiri ilimwonea huruma msikilizaji wa kijijini, sisi tuna sababu kubwa zaidi ya kudai hivyo.

Elimu ya dini na habari ya kweli ni haki ya mwenye simu janja na ya mwenye kitochi. Mabadiliko hatuyazuii, ila tunayapima kwa yule wa mwisho katika safu: mama mwenye shilingi elfu moja mkononi, anayechagua kati ya bando na unga. Huyo atachagua unga, na hana kosa. Kosa litakuwa letu ikiwa kwa kuchagua unga atakosa kusikia.

Wabillahi tawfiq.