Mizani Haichagui Mwanariadha

Tarehe 15 Septemba 2025, mjini Tokyo, Alphonce Felix Simbu, mzaliwa wa Mkoa wa Singida, alishinda mbio za marathoni katika mashindano ya dunia ya riadha kwa muda wa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Amanal Petros wa Ujerumani aliandikiwa muda huo huo. Ilibidi picha ya mwisho wa mbio ichunguzwe ndipo ikajulikana kwamba kilichowatenganisha watu hao wawili, baada ya kilomita 42.195, ni sehemu tatu tu kati ya mia za sekunde moja. Hiyo ilikuwa medali ya kwanza ya dhahabu kwa Tanzania katika mashindano hayo. Baada ya ushindi huo ni vigumu kumzuia mwanafunzi wa Ikungi, Iramba au Manyoni asiamini kwamba naye anaweza. Wala hakuna sababu ya kumzuia.

Hata hivyo, ushindi wa namna hii huzaa hoja ambayo haina budi kupimwa. Wapo wanaomtazama mkimbiaji wa marathoni, wakaona mwili mwembamba, wakahitimisha kwamba wembamba ndio unaompa ushindi. Kutokana na hitimisho hilo huzaliwa makosa mawili. La kwanza ni la mwalimu anayewapanga wanafunzi mstari mmoja wakati wa kuchagua timu ya UMISSETA, akawateua wembamba kwa macho tu na kuwaelekeza wanene kwenye tufe. La pili, ambalo lina hatari kubwa zaidi, ni la mwanafunzi anayeacha chakula cha mchana ili apate kuwa mwepesi. Ni maoni yangu kwamba makosa yote mawili yana asili moja: kuchanganya uzito wa mwili na ukakamavu wa mwili.

Je, uzito una athari katika michezo? Jibu la sayansi ni kwamba hutegemea mchezo wenyewe unaudai mwili nini. Na tuanze na mchezo ulio mbali kabisa na marathoni, yaani gofu, ambao hapa nchini huchezwa katika viwanja kama vile vya Gymkhana vya Dar es Salaam, Arusha na Morogoro, na kile cha jeshi cha Lugalo. Mchezaji wa gofu huzunguka mashimo 18, safari ambayo aghalabu hupita kilomita 8, kwa muda wa saa nne hivi. Hakuna anayempigia saa ya mbio. Kinachohesabiwa ni mikwaju aliyopiga.

Kwa kanuni za mchezo huo mpira hauruhusiwi kuzidi gramu 45.93. Unaousukuma si uzito wa mchezaji, bali ni nishati-mwendo ya kichwa cha fimbo. Mwanafunzi wa fizikia anaijua kanuni yake: nusu ya tungamo mara mraba wa kasi. Kwa kuwa kasi huzidishwa kwa yenyewe, mchezaji akiongeza kasi ya fimbo kwa asilimia 10, nishati huongezeka kwa asilimia 21. Basi mtu mzito asiyeweza kuizungusha fimbo kwa kasi hapati faida yoyote kutokana na uzito wake, na mtu mdogo mwenye misuli iliyofunzwa anaweza kumpita.

Mmarekani Bryson DeChambeau alilifanya jambo hili kuwa kama jaribio la maabara. Kufikia mwaka 2020 alikuwa ameongeza takriban kilo 18 kwa kula sana na kunyanyua vyuma, akashinda mashindano ya wazi ya Marekani. Baadaye alipunguza sehemu ya uzito huo, na mwaka 2024 akashinda mashindano yale yale kwa mara ya pili. Kama uzito peke yake ungekuwa ufunguo, mlango usingefunguka mara zote mbili. Lakini ukakamavu haukosi kazi yake hata hapo: miguu iliyochoka katika saa ya nne haisimami imara, na mkono wa mtu aliyechoka hupoteza shabaha.

Sasa tugeukie marathoni, ambako mambo ni tofauti. Mkimbiaji hubeba mwili wake mzima katika kila hatua. Kwa makadirio yanayotumika sana, kukimbia hugharimu kilojuli 4.2 hivi kwa kila kilo ya mwili katika kila kilomita. Mtu wa kilo 55 atatumia takriban kilojuli 9,750 kumaliza marathoni. Mtu wa kilo 60 atatumia takriban 10,630. Tena kuna suala la joto. Chukua mchemraba wa upande wa sentimita 1: eneo la uso wake ni 6 na ujazo wake ni 1. Mchemraba wa upande wa sentimita 2 una eneo la uso 24 na ujazo 8, yaani uso wa 3 tu kwa kila kipimo kimoja cha ujazo. Kwa sababu hiyo hiyo mwili mdogo hupoteza joto kwa wepesi zaidi kuliko mwili mkubwa, jambo ambalo ni faida katika hali ya hewa kama ile ya Tokyo mwezi Septemba. Kwa hiyo sikatai kwamba uzito una athari katika mbio ndefu. Ninachokataa ni kuufanya kuwa kipimo pekee.

Historia yetu wenyewe inatoa ushahidi. Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola iliyofanyika Brisbane mwaka 1982, Juma Ikangaa, mzaliwa wa Mkoa jirani wa Dodoma, mtu mfupi na mwembamba, aliongoza sehemu kubwa ya marathoni. Aliyemfikia na kumpita ni Robert de Castella wa Australia, mtu mrefu zaidi mwenye mapaja manene, ambaye mwalimu mwenye kuchagua kwa macho angempeleka moja kwa moja kwenye tufe. De Castella alimaliza kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 18; Ikangaa kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 30. Miili miwili isiyofanana ilipishana kwa sekunde 12 tu. Ikangaa naye hakubaki nyuma daima, kwani mwaka 1989 alishinda marathoni ya New York kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1.

Sababu ya jambo hili inaonekana vizuri tukiandika hesabu ya sehemu. Wataalamu hupima uwezo wa mkimbiaji kwa kiwango kikubwa kabisa cha oksijeni ambacho mwili unaweza kutumia kwa dakika moja, kikagawanywa kwa uzito wa mwili. Juu kuna kiasi, ambacho ni kazi ya moyo, mapafu, damu na misuli. Chini kuna asili, ambayo ni kilo. Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa kilo 50 anayetumia lita 3 za oksijeni kwa dakika. Kipimo chake ni mililita 60 kwa kila kilo. Tuseme akajinyima chakula hadi akafika kilo 48, lakini misuli na damu yake vikadhoofu hata akatumia lita 2.75 tu. Kipimo chake kimeshuka hadi 57. Amekuwa mwepesi zaidi na dhaifu zaidi kwa wakati mmoja. Lakini kama angebaki na kilo zake 50, akala vizuri na kufanya mazoezi hadi akafikia lita 3.3, kipimo chake kingepanda hadi 66. Anayeshughulikia asili peke yake huharibu kiasi.

Madhara ya kujinyima hayaishii uwanjani. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko la wataalamu kuhusu hali ya mwanamichezo ambaye chakula chake hakitoshelezi kazi anayoufanyisha mwili. Msichana huweza kukatikiwa na hedhi, mifupa hupungua uimara na kupata nyufa, damu hupungua, ukuaji hudumaa. Kwa mwanafunzi wa miaka 15 hasara hiyo ni kubwa zaidi, maana umri huo ndio wa kujenga mifupa atakayoitumia maisha yake yote. Kilo zinazoongezeka katika umri huo ni sehemu ya kukua, si uvivu.

Basi nini kifanyike katika shule zetu? Kwanza, mwalimu apime ukakamavu wenyewe badala ya umbo. Kenneth Cooper alieleza mwaka 1968 jaribio lisilohitaji mtambo wowote: mwanafunzi akimbie kwa dakika 12, na umbali alioufikia uandikwe. Saa moja, kamba ya kupimia uwanja na daftari vyatosha. Jaribio lirudiwe kila baada ya majuma kadhaa, na anayeendelea kuongeza umbali apewe nafasi, awe mwembamba au mnene. Daftari hilo ni somo la hisabati na la biolojia pia.

Pili, chakula kihesabiwe kuwa sehemu ya mazoezi. Singida ina uwele, mtama, maharage, mlenda, kuku, mayai na mafuta ya alizeti. Ubuyu na matunda yenye vitamini C huusaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika nafaka na mboga, ambapo chai inayonywewa pamoja na chakula huyazuia. Tatu, mwalimu asimwambie kamwe mwanafunzi apunguze uzito kwa ajili ya mbio. Akiona mwanariadha anakonda, anachoka upesi au anaumia mifupa mara kwa mara, ampeleke kituo cha afya.

Bingwa anayefuata kutoka Singida huenda leo yuko kidato cha pili, na huenda hana umbo tunalolitarajia. Tukimchagua kwa macho tutampoteza siku ya kwanza. Tukimwacha ashinde njaa tutampoteza polepole, na huenda tukampongeza kwa kukonda wakati nguvu zake zinakwisha. Mizani inajua kilo tu. Haijui moyo unasukuma damu kiasi gani, wala miguu imefunzwa kwa miaka mingapi. Kazi ya kuyajua hayo ni ya mwalimu, na vifaa vyake tayari anavyo.