Jina la Imanueli Kwenye Mkanda wa Askari

Sisi wachungaji huombwa kubariki mambo mengi: nyumba mpya, gari, pikipiki, na siku hizi hata bendera na nembo. Tunaposita, huwa tunajibiwa kwamba neno jema halidhuriki popote lilipoandikwa. Wapo waliotutajia hata bizimu za mikanda za askari wa Ujerumani wa zamani, zilizoandikwa "Gott mit uns", yaani Mungu pamoja nasi. "Si ni maneno ya Biblia? Si ni urithi wetu Walutheri?" Tunakataa, na washarika wana haki ya kujua sababu.

Urithi upo, hatuufichi. Mwaka 1631, katika vita vya Breitenfeld, jeshi la Gustav Adolf, mfalme Mlutheri wa Sweden, lilitumia maneno hayo kama neno la kutambuana. Prussia nayo ikayachukua, na katika karne ya 19 askari wake wakayavaa kiunoni, yakiwa yamezunguka taji la mfalme. Taji katikati, Mungu pembeni. Aliyechora bizimu ile aliungama zaidi ya alivyokusudia.

Alipokuja Hitler, mahali pa taji pakakaa tai aliyeshika swastika. Maneno yakabaki yaleyale! Agosti 1934 askari wakaapishwa kwa jina la Mungu kumtii Adolf Hitler bila sharti lolote. Kikosi chake cha SS kilikuwa na bizimu yake, iliyosema kwamba heshima ya askari ni uaminifu, na Mungu hakutajwa. Tutasema neno gumu: bizimu ya SS ilikuwa kweli zaidi. Ilionyesha waziwazi ni nani aliyeabudiwa. Ile ya jeshi ilidanganya kwa jina la Mungu, na kudanganya kwa jina lake ndiko Luther anakokutaja katika Katekisimo Ndogo anapoeleza Amri ya Pili. Tumeikariri wote tukiwa kipaimara, kisha tukaiacha darasani.

Luther huyohuyo aliandika mwaka 1526 kuhusu askari na wokovu wao. Hakuwadharau, alisema kazi yao yaweza kuwa halali. Lakini alisema pia kwamba askari anayejua kwa hakika kuwa bwana wake anapigana vita vya dhuluma amwogope Mungu kuliko wanadamu, asiende. Huo nao ni urithi wetu. Mbona haukupata nafasi kwenye mkanda?

Nasi wa nchi hii tusizungumze kana kwamba ni mambo ya mbali. Dola ya Kaisari, iliyojisifu kwamba Mungu yu pamoja nayo, ndiyo iliyozima Maji Maji mwaka 1905 hadi 1907. Iliteketeza mashamba na maghala ya kusini, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Maji ya Kinjikitile tumefundishwa kuyaita ushirikina, kwa kuwa watu waliyategemea yawakinge na risasi. Vema. Basi na chuma kilichovaliwa kiunoni kwa tumaini lilelile tukiiteje, kama si hirizi?

Tusomeni Mathayo kwa utaratibu. Sura ya kwanza inalitaja jina Imanueli. Sura ya pili, askari wa Herode wanaua watoto wa Bethlehemu, na Imanueli mwenyewe yuko njiani kuelekea Misri, mkimbizi mikononi mwa mama yake. Jina hilo halikuanza upande wa wenye silaha. Kwenye bizimu, "nasi" ilikuwa na maana ya "si ninyi".

Hatusemi kwamba kijana wa Kijerumani aliyekuwa akifa Stalingrad alilia bure. Tunaamini Mungu alimsikia, kama alivyomsikia Mrusi aliyelala hatua chache kutoka kwake. Lakini aliwasikia kwa sababu walilia.

Jeshi la Ujerumani la leo limeliondoa jina la Mungu kwenye mkanda, likaweka maneno ya umoja, haki na uhuru. Wengine wanaona huko ni kumkana Mungu. Sisi tunaona ni toba, hata kama waliofanya hivyo hawakuiita hivyo.

Kwa hiyo anayetuletea nembo ya kikosi au bendera ya chama tuiwekee mikono, tutamwombea yeye, watoto wake, na wale anaowahesabu kuwa adui. Bendera ataikuta pale mlangoni alipoiacha.